Jicho Likienda, Mwili Hubaki: Miwani ya Oculus Rift na Amana ya Macho

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio, macho na nyoyo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Mwezi wa Disemba mwaka 2021, idara iliyosimamia Misikiti Miwili Mitakatifu huko Saudia, chini ya Sheikh Abdulrahman as-Sudais, ilizindua mpango wa kumwezesha Mwislamu kulitazama Jiwe Jeusi kwa miwani ya kompyuta kabla hajafika Makka. Mvaaji hujiona amesimama mbele ya Al-Kaaba, na jiwe li karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuona tu. Hata hivyo watu hawakuacha kuuliza, na mjadala ukafika Uturuki. Huko, mwezi wa Februari mwaka 2022, idara kuu ya dini, Diyanet, ilieleza kwamba muumini anaweza kuizuru Al-Kaaba kwa njia hiyo, ila ziara hiyo haihesabiwi kuwa Hija, kwa sababu Hija yataka miguu ya mtu ikanyage ardhi ya huko.

Swali hili ni letu pia. Katika nyumba zetu za Pwani wako mama na nyanya waliodunduiza pesa za Hija kwa miaka, na sasa magoti hayawachukui. Na katika nyumba hizo hizo wako vijana wanaoitamani miwani hii kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni michezo. Mmoja aitaka imfikishe Makka. Mwengine aitaka imtoe nyumbani. Wanazuoni wa usuli hutufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu kitu chenyewe. Basi natukifahamu kwanza.

Chombo kilivyoanza

Kinachoonekana ndani ya miwani hii huitwa kwa Kiswahili uhalisia pepe, yaani jambo linaloonekana kana kwamba lipo, hali ya kuwa halipo. Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani ambacho mtambo wake ulikuwa mkubwa hata ukaning'inizwa darini. Mwaka 1995 kampuni ya Forte iliuza kifaa kilichoitwa VFX1, cha kutumiwa na kompyuta za nyumbani. Mwaka huo huo kampuni ya Nintendo ya Japani ikatoa Virtual Boy, iliyoonyesha picha za rangi nyekundu peke yake. Biashara hizo hazikudumu. Picha zilikuwa hafifu, kompyuta zilikuwa nzito wa kufikiri, na wanunuzi wakachoka.

Aliyelifufua jambo hili ni kijana wa California, Palmer Luckey, aliyezaliwa mwaka 1992 na kusomeshwa nyumbani na mama yake. Alikuwa akinunua simu zilizovunjika, akizitengeneza na kuziuza, na pesa alizopata akizitumia kununua vifaa vya zamani vya namna hii na kuvifungua ili aone vilivyoundwa. Akiwa katika gereji ya wazazi wake alianza kuunda vyake.

Ufumbuzi aliouendeleza ulikuwa wa kutumia vitu rahisi. Biashara ya simu za mkononi ilikuwa imeshusha bei ya vioo vidogo vyenye picha safi na ya vipimio vinavyotambua kifaa kikigeuzwa. Na badala ya lenzi za ghali, zilitumika lenzi nyepesi ambazo huipinda picha. Kisha kompyuta ikaamrishwa iipinde picha ile upande wa kinyume kabla haijafika kwenye lenzi, na kosa moja likalifuta jingine.

Mwezi wa Agosti mwaka 2012 kampuni yake, Oculus, iliomba mchango wa watu kupitia tovuti ya Kickstarter. Iliomba dola 250,000. Ikapata zaidi ya dola milioni 2.4 kutoka kwa watu zaidi ya 9,500. Miwani ya kwanza, iliyokusudiwa watengenezaji wa programu, ilianza kutumwa mwezi wa Machi mwaka 2013. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, Facebook ikatangaza kuinunua kampuni hiyo kwa thamani ya dola bilioni 2. Baadhi ya waliochanga walikasirika, kwani hawakupata fungu lolote katika mauzo hayo. Mwenye kusoma fiqhi ya biashara ataona sababu upesi: pesa zao hazikuwa mtaji wa sharika, zilikuwa mchango wa kuahidiwa kifaa. Baadaye waliokuwa wamechangia na kupata miwani ile ya mwanzo walipewa miwani mpya bila malipo.

Oculus Rift ya kuuziwa watu wote ilitoka tarehe 28 Machi 2016 kwa dola 599, takriban shilingi 60,000 za Kenya kwa thamani ya wakati ule. Bei hiyo haikuwa na kompyuta ndani yake, nayo ilihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Aliyenunua vyote viwili kwa pamoja alianzia dola 1,499 hivi, yaani zaidi ya shilingi laki moja na nusu.

Jicho linavyodanganywa

Mzazi anayetaka kufahamu siri ya chombo hiki na afanye jaribio dogo. Simamisha kidole mbele ya pua, ufumbe jicho la kushoto, kisha ulifumbue na kufumba la kulia. Utaona kidole kinaruka kutoka upande huu kwenda upande huu. Kila jicho lina picha yake, na akili huziunganisha picha mbili kuwa moja, na kutokana na tofauti zake ndogo hupima kitu kiko mbali kiasi gani. Miwani hii hulipa kila jicho picha yake. Akili hufanya kazi yake ya kila siku, na picha bapa ikageuka chumba, bahari au jabali.

Elimu hii haikuanzia California. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Kairo yapata mwaka 1040, aliandika Kitabul Manadhir, ambamo alieleza kwamba tunaona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuingia jichoni, si kwa nuru itokayo jichoni kama walivyodhani baadhi ya waliomtangulia. Alichunguza pia jinsi macho mawili yanavyoona kitu kimoja, na akabainisha kwamba jicho hupokea, ilhali kutambua umbo, ukubwa na umbali kwahitaji akili inayolinganisha na kuhukumu. Watengenezaji wa miwani hii wamejenga juu ya msingi huo: ukiweza kuipa akili ushahidi unaofanana na wa kweli, nayo itatoa hukumu inayofanana na ya kweli.

Limebaki jambo la mwendo. Mvaaji akigeuza kichwa, vipimio hupeleka habari kwa kompyuta, nayo huchora upya ulimwengu wote kwa pembe mpya. Rift ya mwaka 2016 ilionyesha picha 90 kwa kila sekunde, ili macho yasitambue kuchelewa. Masikio nayo yalifunikwa kwa vipaza sauti vilivyoshikamana na miwani yenyewe. Kwa hivyo aliyeivaa haoni chumba alichomo wala hasikii vyema yanayosemwa humo.

Mwili ni shahidi wa pande mbili

Pamoja na ustadi wote huo, watu wengi walioivaa walipatwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Watu wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa sana. Abiria akiketi ndani ya jahazi, chini ya sitaha, macho yake humwambia kwamba ametulia kwa kuwa mbao zote zinakwenda pamoja naye. Lakini kipimio cha mizani kilichoumbwa ndani ya sikio humwambia kwamba anapanda na kushuka. Ushahidi ukikhitilafiana, mtu hulewa bahari, na ndiyo maana manahodha humwambia atoke nje na kuutazama upeo. Ndani ya miwani mambo hugeuka: macho husema unakimbia, na sikio la ndani husema umekaa kitini. Mwili hukataa kutoa ushahidi wa uongo. Hakuna aliyeuambia, umeumbwa hivyo.

Huo ni upande mmoja wa ushahidi, kwamba mwili haukwenda popote. Lakini uko upande wa pili, nao wazazi huughafilikia. Mvishe mtu miwani hii, umwonyeshe kwamba amesimama ukingoni mwa jengo refu. Anajua kwa yakini kwamba yuko juu ya zulia, na pamoja na hayo magoti yake hulegea, moyo humwenda mbio na viganja hutoa jasho. Mwili haukwenda, lakini umeathirika.

Athari hiyo imewahi kuleta kheri. Katika Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, wataalamu waliunda ulimwengu wa theluji walioupa jina SnowWorld, na wagonjwa walioungua moto walionyeshwa theluji hiyo wakati vidonda vyao vikisafishwa. Wengi walieleza kwamba maumivu yamepungua, kwani fikira zilikuwa zimeshughulishwa kwengine. Mgonjwa anayepoozwa kwa theluji isiyokuwapo ni hoja tosha kwamba kisichokuwapo chaweza kumfikia mtu.

Tukishika pande zote mbili za ushahidi huu, ndipo tutakapowajibu wote wawili, nyanya anayeitamani Makka na kijana anayeitamani michezo.

Hadithi moja, mafunzo mawili

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake na baba yake, habari iliyotokea katika Hija ya kuaga. Fadhl bin Abbas alikuwa amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya kipando kimoja. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am na swali: faradhi ya Hija imemkuta baba yake akiwa mzee mno, hawezi kukaa imara juu ya mnyama, je, amhijie? Mtume akamkubalia. Na wakati wa mazungumzo hayo Fadhl alikuwa akimtazama mwanamke yule, naye akimtazama. Mtume akaugeuza uso wa Fadhl kwa mkono wake upande wa pili.

Funzo la kwanza ni la mzee asiyeweza safari. Sharia haikumwacha, wala haikumwambia ajitosheleze kwa kuifikiria Makka. Ilimpa mwili mwengine uende badala ya mwili wake. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mtu aliye na mali lakini amekatiwa tamaa ya kuweza safari kwa uzee au maradhi yasiyotarajiwa kupona, humweka mtu wa kumhijia, na mtu huyo sharti awe amekwisha kujihijia mwenyewe. Atakayemhijia lazima awe na miguu ya kutufu, miguu ya kusai, na mwili wa kusimama Arafa. Picha haina miguu. Ndiyo maana kauli ya Diyanet haikuwa ngeni kwa aliyeisoma fiqhi, kwani ibada hii ni ya mwili na mali, na mwili ndio uliokwishatoa ushahidi kwamba haukuondoka nyumbani.

Je, nyanya azuiwe kuvaa miwani na kuitazama Al-Kaaba? Sioni sababu ya kumzuia. Asili ya vitu ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza, na kutazama picha ya nyumba tukufu kwa shauku si ibada ya uongo mradi isiitwe Hija wala Umra. Anayejiandaa kwa safari aweza hata kufaidika nayo, akajua mlango, mataf na Swafa kabla hajakumbana na msongamano. Ila watoto wasije wakamwonyesha mama yao picha, kisha wakaona wamekwisha kumtimizia. Kama ana mali yake ya kutosha, deni la Hija liko palepale, na njia yake ni kumtafutia wa kumhijia. Na kama hana mali wala nguvu, basi hana deni. Aliyekosa uwezo hakukalifishwa, na nia yake njema haipotei kwa Mola wake.

Funzo la pili ni la jicho. Mtume hakumkemea Fadhl mbele za watu wala hakumfukuza mwanamke aliyekuja na haja yake. Aligeuza uso kwa mkono. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa karibu, na aliona Fadhl anatazama wapi. Hapa ndipo penye uzito wa jambo letu. Televisheni ya sebuleni hutazamwa na wote, na mama akipita huona kilichomo. Simu ni ya faragha zaidi, lakini bado yaweza kuchunguliwa begani. Miwani hii yamfungia mtu peke yake. Aliyeketi ubavuni mwake hajui anatazama nini, na hakuna mkono utakaogeuza uso, kwani akigeuza kichwa, picha hugeuka pamoja naye.

Wala mtu asijitetee kwamba ni picha tu, zimechorwa na kompyuta. Magoti yake yamekwishamkadhibisha. Yaliyolegea mbele ya shimo lisilokuwapo ni magoti yale yale, na moyo unaotikiswa na mandhari machafu yasiyokuwapo ni moyo ule ule. Amri ya kuinamisha macho katika Surat an-Nur imewaanza wanaume katika aya ya 30 kabla haijawafikia wanawake katika aya ya 31. Basi akina baba wasidhani kwamba nasaha hii ni ya wake na watoto wao peke yao.

Ikiingia nyumbani mwetu

Huenda miwani ya namna hii ikaja kwa mkono wa mjomba aliye Ughaibuni, au kijana akajinunulia kwa jasho lake. Yako mambo ambayo mzazi aweza kuyashika.

La kwanza ni umri. Oculus wenyewe waliandika kwamba Rift haikukusudiwa watoto walio chini ya miaka 13. Mwaka 2023 wenye kampuni, ambayo sasa huitwa Meta, waliruhusu watoto wa kuanzia miaka 10 watumie miwani yao mipya kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Ruhusa ya muuzaji si fatwa. Mzazi amjuaye mwanawe ndiye mwenye kauli.

La pili ni muda. Maelezo ya Rift yalimtaka mtumiaji apumzike dakika 10 hadi 15 baada ya kila nusu saa, hata akihisi hana haja ya kupumzika, na asiendeshe gari ikiwa amepatwa na kizunguzungu. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdallah bin Amr kwamba hata katika funga na kisimamo cha usiku, mwili una haki yake, jicho lina haki yake, na mke ana haki yake. Ikiwa ibada imewekewa mpaka kwa ajili ya jicho na mke, mchezo hauwezi kukosa mpaka.

La tatu ni mahali. Rift, kwa kuwa ilifungwa kwa waya kwenye kompyuta, ilikuwa na jambo moja jema: kioo cha kompyuta kiliweza kuwaonyesha waliopo kile anachokiona mvaaji. Miwani zilizokuja baadaye, kama Quest ya mwaka 2019, zinajitegemea bila waya, lakini nazo zaweza kuunganishwa ili picha ionekane kwenye simu au televisheni. Iwe ada ya nyumba kwamba miwani huvaliwa sebuleni, kioo kikiwa wazi. Huo ndio mkono wetu wa kugeuza uso. Na sakafu iondolewe meza na vyombo, maana asiyeona chumba huanguka.

La nne lawahusu hasa dada zetu. Rift ya mwaka 2016 ilitazamwa na kihisio kilichowekwa mezani. Rift S ya mwaka 2019 ilikuwa na kamera tano juu ya miwani yenyewe, zikitazama chumba ili zijue mvaaji yuko wapi. Kampuni inapoeleza kwamba kamera hizo ni za kupima mwendo, yafaa kuelewa hivyo. Lakini kamera ni kamera, na chumba ambacho wanawake wamevua mitandio si mahali pa kuielekeza. Mwanamke aliyemo chumbani ana haki ya kuambiwa kabla miwani haijawashwa.

La tano ni adhana. Aliyefunikwa macho na masikio hasikii mwadhini wala hamsikii mama akiita. Wekeni miadi kabla ya kuvaa, awepo mtu wa kumgusa bega wakati ukifika, na mchezo usianzwe karibu na Maghribi.

Sikusudii kuwatia watu hofu ya ufundi. Taa, redio na simu viliingia nyumba zetu na tukavitumia kwa kheri na kwa shari. Tofauti ya miwani hii ni kwamba humchukua mtu huku amekaa palepale, na familia humwona mwili wake tu. Siku ya Kiyama viungo vitatoa ushahidi, na Surat al-Israa imetufahamisha kwamba sikio, jicho na moyo vitaulizwa. Ni heri kwa mtu ausikilize mwili wake leo, unapomwambia kwamba hakutoka nyumbani, na unapomwambia kwamba alichokiona kimemfikia.

Ewe Mola wetu, yahifadhi macho yetu na ya watoto wetu, wawezeshe wazee wetu kuifikia Nyumba Yako kwa miili yao au kwa niaba, na wapokelee nia zao wale waliozuiwa na udhuru. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.